Chumba cha Bibi Harusi Chenye Magurudumu

Mimi ni Mishi binti Hamisi wa Chaani. Kazi yangu ilikuwa kupamba maharusi: kusinga mwili kwa liwa na manukato, kutia hina na piko nyeusi, kufukiza udi, kuvika. Nimeifanya tangu nina meno yote mpaka sasa nimebakiwa na ya kutafunia mkate uliorowekwa kwenye chai. Wapambaji Mombasa hii ni wengi, na wengine wana mkono kunishinda, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na kitu wasichokuwa nacho: chumba changu mwenyewe cha kupambia, chenye kitanda, kioo, beseni na mapazia, na chumba hicho kilikuwa na injini ya dizeli kwa mbele. Gari la nyumba. Tuseme ukweli, gari kuukuu la nyumba, maana lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limekwisha kuzeeka, na baada ya hapo tukazeeka tena pamoja.

Nimeacha kazi mwezi wa mfungo pili, magoti yalipokataa kupanda ngazi ya gari. Mjukuu wangu Saumu ndiye aliyenishika niandike, ili yeye na wasichana wenzake wasirudie makosa ambayo mimi nimekwisha kuyamaliza. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, na chuoni kwa maalimu nikahitimu msahafu, basi. Akasema, "Nyanya, gari halijakuomba cheti miaka yote hii." Haya. Naandika.

Nilipostaafu mimi, mwanangu Bakari akaona gari nalo listaafu. Msimlaumu. Bakari ni mwana mwema, lakini ana haja na ua, anataka kusimamisha vyumba viwili pale linapolala. Akampata mtu wa vyuma vikuukuu, mwenye lori na moto wa kukatia. "Mama," akaniambia, "mtu huyo anakuja Jumamosi adhuhuri. Likiweza kufika kwenye ile harusi ya Likoni siku hiyo bila wewe kushika usukani wala spana, sitalitaja tena maisha yangu. Likishindwa, linakatwa." Tukapeana mikono mbele ya Saumu. Ile Jumamosi nitaifikia. Kwanza mjue ni gari gani lililokuwa likingojewa na moto.

Nililiona mara ya kwanza Kiembeni. Lilikuwa la mzungu na mkewe, watu wazima wenye mvi, waliotoka nalo kwao kwenye baridi, wakavuka majangwa, likaja kuwashinda mwendo mfupi tu kabla ya kufika baharini. Siku hizo baina ya harusi na harusi nilikuwa nikitia hina watalii. Yule mke akaniita ndani nimchore mkono. Nilichora nusu ya ua nikasimama, nikawa naangalia pazia. Nikalivuta, likafunga. Nikalivuta tena, likafungua. Yule mama akadhani nina wazimu.

Hamkuwahi kufanya kazi bila pazia, wanangu, kwa hivyo hamjui. Wenye majumba makubwa mjini wana chumba cha juu cha kumweka mwali, na mlango una komeo. Huku kwetu bara, nje ya kisiwa, Chaani, Likoni, Kisauni, msichana anatolewa katika chumba kimoja cha kupanga ambamo kaka zake wanaingia kutafuta soksi. Nimewahi kumsinga mtoto wa watu nyuma ya leso mbili zilizoshikwa na wadogo zake. Mmoja akapiga chafya, leso ikaanguka, na muuza maji akauona mgongo kabla ya mume kuuona. Msichana alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Basi nilipolivuta lile pazia, nilimfikiria yeye.

Walikubali kuniuzia; bei sitaji. Bangili zangu zilikwenda na sikuuliza zilikofika. Bi Rukiya wa Likoni, somo wangu, aliyenifunza hina kwa kunipiga vidole, alikuja kulitazama. Akalizunguka mara tatu na chetezo cha udi, uso umemkunjamana.

"Mishi," akasema, "umenunua kabati la maiti lenye madirisha."

"Ingia ndani, Bi Rukiya."

Akaingia. Akaketi kitandani, akavuta pazia. Alipotoka alinishika bega akasema, "Mimi nilipambwa jikoni, kuku wakipita. Ningeipata hii siku ile, nisingetoka hata kwa mume." Akaenda zake bila kunywa chai.

Kuendesha nilifunzwa na mume wangu, Mungu amrehemu, dereva wa malori ya bandarini. Alinifunza kwa kelele, na mimi nikajifunza kwa hasira, na hasira hudumu. Usukani wa gari hili uko kushoto kama wa huko lilikotoka, na hilo niliweza. Lililonishinda siku ya kwanza ni mlango. Mlango wa nyumba uko ubavu wa kulia. Ukiegesha kama watu wanavyoegesha huku kwetu, biarusi anashukia katikati ya barabara. Mimi siku ya kwanza niliegesha vizuri kabisa, nikashuka mbele nikiwa nimejaa maringo, nikafungua mlango, na bibi harusi akakanyaga hatua moja akakutana uso kwa uso na mkokoteni wa viazi. Mwenye mkokoteni akasema "Mashallah" na viazi vikamwagika. Tangu siku hiyo naingia uani kinyumenyume, hata ua uwe mdogo kama kikapu. Nanyi mtaingia kinyumenyume.

Sasa kuvuja. Mtu akikwambia gari la nyumba kuukuu halivuji, mwambie alitie maji kwanza. Injini ni rahisi; injini hupiga kelele ikiumwa. Paa linaumwa kimya kimya.

Nilijua hivyo kwa harusi ya Zainabu, hapa hapa Chaani. Zainabu alikuwa yatima, amelelewa na shangazi yake katika chumba kimoja, watu saba. Alikuwa hajawahi kulala kitanda chake peke yake. Alipoingia ndani ya gari akauliza, "Bi Mishi, nani mwingine anaingia?" Nikamwambia hakuna. Akauliza tena. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga kwa ndani. Akafunga, akafungua, akafunga. Nikamtia hina mikono mpaka kwenye kiwiko, miguu mpaka kwenye ugoko, kazi ya saa nyingi, na hina ile mbichi inataka ikae, isiguswe, isipate tone la maji. Tone moja tu, ua linakuwa kidonda.

Mvua za masika zikaanza. Mara nasikia ti, ti, ti. Juu ya kitanda, karibu na lile dirisha dogo la paa, maji yanaingia. Tukaweka sufuria. Tone likahama. Tukahamisha sufuria, tone likahama tena, kama linatucheza. Zainabu amenyoosha mikono hewani, macho yamemtoka.

"Bi Mishi, itaharibika?"

"Ikiharibika nakata mikono yangu nakupa," nikamwambia, na nikatoka nje.

Nilipanda juu ya paa na mkeka wa plastiki, nikautandika juu ya lile dirisha, nikalala juu yake kwa tumbo, buibui limeninata mwilini kama ngozi ya samaki. Upepo ulitaka mkeka, mimi nikaukatalia kwa uzito alionijaalia Mungu. Mnajua ndege zinavyopita chini hapa kwetu zikienda kutua. Mbili zilipita nami nimelala pale nimetandaza mikono. Ya pili, wallahi, nilimwona rubani, na yeye akaniona. Nilikaa mpaka shangazi yake Zainabu akagonga kwa ndani na mwiko: "Shuka, Bi Mishi, imekauka!" Hina ilitoka nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee. Mimi nilitoka na homa ya siku nne, na sikujuta.

Nilipopona nikamwendea Fundi Kombo kule Port Reitz. Fundi Kombo alikuwa kalafati, yaani mtu wa kuziba mishono ya vyombo vya mbao kwa pamba na mafuta, na vyombo vilipopungua akahamia kwenye bodi za magari. Alikuwa mkavu kama mua uliotafunwa, na ndiye fundi pekee aliyekubali kushikwa mkono na mwanamke kazini bila kucheka. Alilizunguka gari, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari.

"Hili ni jahazi," akasema. "Limepinduliwa tu. Ndoo nalo kesho."

Kwa siku tatu akanifunza kukalafati. Akachokoa uchafu wa mishono ya paa, akasokota pamba, akairowesha, akaishindilia kwa patasi butu, na mimi nikashindilia upande wangu. Mvua ikaja, halikuingia tone. Nililibusu gari bati lake. Sikuuliza pamba imeroweshwa nini. Jambo hilo, wanangu, muulize daima.

Yalikuwa mafuta ya papa.

Siku za mvua hayakunuka sana. Jua lilipopiga juma zima, paa likaanza kusema. Tukaenda Kisauni kwa biarusi mmoja wa ukoo mkubwa, watu wa adabu, wasiopaza sauti. Tulipopita Kongowea sokoni nikaona kunguru wawili wanatufuata. Tulipofika walikuwa kama arubaini. Nikajifanya sioni. Ndani nikafukiza udi mpaka hatuonani, nikanyunyiza marashi, nikaweka asumini kila pembe, na bado harufu ya papa ikaja kati yetu ikaketi kama mgeni mwalikwa. Juu kunguru wanadonoa mishono, ta-ta-ta-ta. Kisha wakaja paka. Nikachungulia pazia: paka wa mtaa mzima wamekaa duara, mikia imefunika miguu, wanatazama gari kama watu wanaosubiri khutuba.

Mama wa biarusi akanong'ona, "Bi Mishi, udhuru, humu kuna kitwa cha samaki?"

Kabla sijajibu, bibi harusi mwenyewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa hasemi kwa woga wa usiku wake, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na kwa kuwa mikono ilikuwa na piko mbichi, kanga ya mama yake aliyojifunga ikapata maua mawili ambayo sijawahi kuchora mazuri kuliko hayo. Mama naye akacheka. Nilimchora upya.

Nilirudi Port Reitz nikiwaka hasira.

"Fundi Kombo! Umenitia papa kwenye gari!"

"Jahazi zote hunuka papa," akasema, "na hakuna aliyelalamika."

"Jahazi halibebi biarusi!"

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Hubeba boriti." Ndiyo radhi pekee aliyonipa. Tukaliosha paa kwa ndimu, majivu na sabuni ya unga, tukatoa pamba yote tukaweka nyingine iliyoroweshwa rangi ya mafuta, na juu yake tukabandika vipande vya leso kuukuu na kupaka rangi nzito ya kuzuia maji. Hiyo ndiyo njia yetu mpaka leo. Pamba ya Fundi Kombo ilikuwa sahihi. Pua yake ndiyo ilikuwa imekufa.

Lakini mimi nami nilimfunza jambo. Maji yakiingia paani hayadondoki pale yalipoingilia. Yanatembea ndani ya mbao, yanakwenda kudondoka kwa jirani. Fundi Kombo alikuwa anatafuta tundu kwa kubahatisha. Nikamwambia ngoja. Nikachukua hina kavu ya unga, nikainyunyiza kwenye mishono juu, kila mshono, tukamwaga maji. Ndani, darini, ukatokea mstari wa rangi ya chungwa, ukatembea, tukaufuata kwa kidole mpaka kwenye msumari mmoja uliolegea, mbali kabisa na pale sufuria zilipokuwa zikikaa. Fundi Kombo akavua kofia akajikuna. Akasema, "Miaka yote hii nimefanya kazi kipofu." Ule mstari haukutoka tena darini. Maharusi huniuliza ni nakshi gani, na mimi huwaambia ni ya zamani sana.

Na mkono wa kuchora piko ndio mkono wa silikoni ya madirisha. Msinunue lile bomba la kusukuma. Sokoteni karatasi ya nailoni kama ya hina, kateni ncha ndogo, pumzi mbili kabla ya kubana, na mstari uende bila kusimama. Mafundi wa kiume hupaka silikoni kama mtu anayempaka mtoto uji. Madirisha yangu hata leo yana mstari mwembamba ungedhani umechorwa na kompyuta. Na kabla ya kuwasha chetezo, mtungi wa gesi ufungwe, na usifungwe kwa kukumbuka, ufungwe kwa mkono. Na chini lioshwe kwa maji matamu kila juma, maana chumvi ya hewa yetu inakula chuma hata ukiwa umelala. Na sakafu ikaguliwe chini ya zulia; mimi nilichelewa kulijua hilo. Sakafu karibu na beseni ilioza kutokana na maji ya singo yaliyokuwa yakipenya chini, nami nimetandika zulia zuri juu. Mama mkwe mmoja mwenye afya yake akaingia kumkagua mkaza mwana, akakanyaga zulia, mguu wa kushoto ukazama mpaka gotini ukaenda kutazama lami. Tukamvuta watu watano. Hakuvunjika kitu. Akasema, "Basi nimekubali, mwozeni, nitoeni tu."

Miaka ikaenda hivyo. Bi Rukiya akatangulia mbele ya haki, kisha mume wangu, kisha Fundi Kombo. Maharusi wangu wa kwanza wakaniletea mabinti zao. Na Saumu akakua. Huyu mjukuu wangu, niache nijisifu kidogo maana wino ni wangu: alipomaliza shule, wenzake wakienda kusomea kompyuta, yeye akaenda chuo cha ufundi kusomea magari, msichana mmoja kati ya wavulana thelathini. Akirudi jioni ana grisi kwenye kucha, anaosha, anakuja kunisaidia kutia hina. Sijaona mikono mingine kama ile. Baba yake, Bakari huyo huyo, alikuwa akisema, "Atachoka." Bado tunasubiri.

Basi ile Jumamosi. Harusi ilikuwa Likoni, biarusi wa kusingwa na kuvikwa kabla ya alasiri, nyumba ya vyumba viwili, wageni wametoka mpaka Lamu, hapana pembe ya kumweka msichana. Zamani tungepanga foleni ya feri. Siku hizi kuna baipasi ya Dongo Kundu, unazunguka kwa nyuma na kutokea Likoni bila kugusa maji. Njia nzuri sana, ila ina madaraja marefu yenye kupanda. Kisauni hakuna kupanda. Kiembeni hakuna kupanda. Gari langu lilikuwa limezeeka kwenye tambarare, kama mimi.

Saumu akashika usukani. Mimi nikaketi kiti cha abiria, mara ya kwanza tangu linunuliwe, sijui miguu niiweke wapi. Wasichana wenzake wawili wa kazi walikuwa nyuma na nguo. Bakari alisimama mlangoni mwa ua kwa mikono nyuma. Hakutuombea mabaya, namjua mwanangu. Lakini alikuwa amekwisha kupima ardhi kwa kamba, na vile vigingi niliviona.

Tulipita njia ya uwanja wa ndege vizuri, tukaingia baipasi, tukapita daraja la kwanza. Kabla ya lile la pili, la Mteza, mshale wa joto ukaanza kupanda. Mimi nikauona kwanza nikanyamaza. Ukapanda tena.

"Kanyaga," nikamwambia Saumu. "Tukifika kileleni litashuka lenyewe."

Saumu akawasha taa za pembeni, akalitoa gari barabarani, akasimama.

"Kwa nini unasimama? Biarusi anasubiri! Bakari anasubiri! Yule mtu wa moto anasubiri!"

"Likichemka hapa, Nyanya, gasketi inakwenda, na huyo mtu wa moto hatahitaji kuja Chaani. Atatufuata hapa hapa."

"Mimi nililiendesha hili kabla mama yako hajaolewa!"

"Naam. Na lilikuwa na rejeta changa. Tulia, tafadhali."

Aliniambia *tulia*. Nikatulia kwa sababu ya kushangaa. Akafungua boneti, akatazama, hakugusa kifuniko cha rejeta, na hapo nilimsifu kimoyomoyo. Maji yalikuwamo, mkanda wa feni ulikuwa mzima. Rejeta imezeeka tu, haipozi vya kutosha mlimani. Nikajua basi imekwisha. Rejeta ya gari lile haipatikani Jumamosi, pengine haipatikani tena duniani. Macho yakaniwasha. Nikageuka kutazama mikoko kule chini ili wasichana wasinione.

Saumu akarudi ndani, akainama miguuni pangu, akaingiza mkono chini ya dashibodi. "Nyanya, hiki kitambaa ni nini?"

"Nimeziba. Tundu la mende."

Akavuta. Likatoka pande la leso niliyozibia hapo mwaka niliolinunua gari, ngumu kama ngozi. Nyuma yake kulikuwa na mdomo wa plastiki wenye mapezi.

"Nyanya," akasema polepole, kama anamfunza mtoto, "hii ni hita. Ya kupashia watu joto kwao kwenye baridi. Yale maji moto ya injini yanapita humu. Ukiifungua, inatoa joto la injini inalileta kwetu."

"Joto gani tena tunalitaka, Mombasa?"

"Sisi hatulitaki. Injini ndiyo inataka kulitoa."

Tukangoja mshale ushuke, akawasha, akafungua ile hita mpaka mwisho, tukaingia barabarani. Wanangu, nje jua la saa tano, sisi tumevaa mabuibui, na kutoka chini kunavuma tanuri. Miaka yote ile ilikuwa pale imelala. Upepo ulinipanda miguuni, magoti yangu yakapata raha ambayo hayajaipata kwa dawa yoyote, kichwa nacho kikataka kupasuka. Nyuma wasichana wanapiga kelele: "Bi Mishi, tunaiva! Bi Mishi, mkate tayari!" Saumu anatiririka jasho, anacheka, macho kwenye mshale. Mshale ukasimama. Tukapanda Mteza kwa gia ya pili, malori yanatupita, madereva wanashangaa madirisha yetu yamefanya ukungu. Mshale ukatikisika. Ukashuka kidogo. Tulipofika kileleni nilikuwa nasoma kila aya niliyohifadhi.

Likoni tuliingia uani kinyumenyume. Shangazi wa biarusi alitupokea, akatutazama tunavyodondoka maji.

"Shikamoo Bi Mishi. Yakhe, mmekuja kwa kuogelea?"

"Marahaba. Tumekuja kwa kuokwa," nikamwambia. "Mlete mwali."

Biarusi akaletwa chini ya leso, akapandishwa. Nikafanya kama kawaida yangu, nikaweka mguu kwenye ngazi. Goti likakataa. Saumu akanishika mkono, akaniambia pole pole wasisikie wengine, "Nyanya, sisi tupo." Akaagiza kiti cha plastiki, akaniketisha kivulini, upande wa pili wa ua, akaingia, akafunga.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Miaka yote ile mimi nilikuwa ndani. Sikujua gari lile huonekanaje kwa nje likiwa na biarusi. Sasa nikaliona. Pazia linatikisika, linatulia. Moshi wa udi unatoka taratibu kwenye dirisha la paa. Gari lenyewe linayumba kidogo kwenye springi zake kila mtu anapogeuka. Ikasikika sauti ya komeo, msichana amelifunga, akalifungua, akalifunga tena. Kisha kicheko, kisha kimya cha watu wanaofanya kazi.

Simu ikalia. Bakari.

"Mama, yule mtu amekuja mapema, yuko hapa na lori lake. Gari liko wapi?"

"Liko kazini," nikamwambia.

Nikamsikia akimwambia mtu, "Ndugu yangu, niwie radhi, umesafiri bure." Akarudi kwenye simu. "Na wewe, Mama? Unafanya nini huko?"

"Mimi? Mimi nimestaafu. Nimeketi natazama."